Mvua ya Saa Tisa

Viatu vilikuwa vikavu, na ubishi wote ulianzia hapo.

Vilikuwa viatu vya kitambaa, vyeupe, namba thelathini na nane, ndani ya sachet ya plastiki iliyobandikwa karatasi: Fabiola, miaka ishirini na miwili, marehemu. Inspekta Emérence Zagabe alivitoa Jumanne asubuhi, saa moja na nusu, akavigeuza juu chini mezani kwake na kugonga kimoja kwa kidole. Kikamwaga vumbi jekundu, jepesi, la kuingia puani. Akapiga chafya, kisha akaivuta faili karibu na kuanza kuisoma upya.

Faili yenyewe ilikuwa nyembamba na safi, namna Komanda Placide alivyozipenda faili. Ilisema hivi. Jumapili, siku ya komunyo ya kwanza, bustani ya michezo ya Paradizo, kule Kasha, ilijaa watoto waliovaa nguo nyeupe pamoja na wazazi wao. Saa tisa kamili mvua mbaya ilianza, na mwenye bustani, Bwana Constantin, akiwa pale pale, akatangaza kwamba wanafunga mapema. Watu wakatoka. Gentil, kijana anayeendesha mashine, akabaki kwa siri na wenzake, akawasha tena manège ya viti vinavyoning'inia kwenye minyororo, katikati ya mvua, kwa kujionyesha. Saa tisa na dakika arobaini mnyororo wa kiti namba saba ukakatika. Fabiola, aliyekuwa amemsindikiza mdogo wake wa komunyo, akaanguka na kufa njiani kuelekea hospitali. Basi. Bustani ilikuwa imefungwa, kwa hiyo bustani haina neno, na Gentil aende gerezani. Ilibaki sahihi moja tu, ya Emérence.

Na kwa nini asitie sahihi? Jumapili saa tisa mvua iliwapiga wote pale Nyawera, mjini, ilipo ofisi yao ya upelelezi. Haikuwa mvua ya kuulizana. Ilikuwa mvua ya mawe, iliyopasua kioo cha jeep ya Komanda na kumfukuza Emérence mwenyewe barabarani, akajificha mbele ya duka la dawa na beseni la watu kichwani. Ndiyo maana jioni ile, Gentil alipoletwa na kuulizwa habari za mvua, akajibu "Mvula gani, maman Inspecteur?", Emérence alipiga meza na kumwita mwongo mbele ya kila mtu. Nywele zake zilikuwa hazijakauka bado. Mtu akudanganye juu ya mvua iliyokulowesha mwenyewe, utamwitaje?

Sasa vumbi lilikuwa mezani, na aibu ilimpanda Emérence mpaka masikioni. Aliijua Kasha, shangazi yake alizikwa kule. Udongo wa Kasha ukilowa haukuachi. Unapanda nao gari, unaingia nao kanisani, unaukwangua kwa kisu siku ya tatu. Akafikiri labda marehemu alivua viatu kabla ya kupanda kiti. Akaangalia karatasi ya hospitali. Muuguzi alikuwa ameandika kwamba viatu alivivua yeye mwenyewe, miguuni mwa marehemu. Basi msichana yule alitembea kwa viatu hivi mpaka kwenye kiti cha saba, na chini hapakuwa na tone la maji.

Alishuka kwenye kasho, chumba cha mahabusu. Gentil alikuwa amekaa kwenye saruji, mikono katikati ya magoti, na hakuinuka. Alishasema yake Jumapili na malipo yake aliyaona. Emérence akachuchumaa mbele yake, jambo ambalo askari wa zamu hakuwahi kumwona akilifanya, akamwambia arudie tena, polepole, kwani safari hii amekuja kusikiliza.

"Jua lilikuwa linawaka," Gentil akasema. "Batoto balikuwa banakula glace ya barafu. Manège ilijaa, batu banapanga mustari. Mvula ilikuya nyuma kabisa, wakati Fabiola balishamupeleka. Na ile chaîne ya kiti ya saba, asubuyi nilimupigia patron telefone, nikamuambia imefungwa na fil de fer, tusitembeze. Akasema leo ni komunyo, tembeza."

"Patron alikuwa wapi?"

"Kwake, mu ville. Alifika Kasha magaribi, mvula imeshaisha."

Emérence alirudi juu moja kwa moja kwa Komanda Placide. Komanda hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kupenda amani yake. Akamweleza kwa upole kwamba ombi la kumpeleka Gentil gerezani limeshafika kwa magistra tangu jana, na magistra atalitia sahihi leo kabla ya kufunga ofisi saa kumi. Saa arobaini na nane za kumshika mtu zinaisha jioni. Hakuna muda wa kuchunguza vumbi.

"Emérence, mi nililowa. Weye ulilowa. Kioo ya jeep yangu iko wapi?"

Hilo lilimkera Emérence zaidi. Akasema tu kwamba vumbi likilowa haliitwi tena vumbi, na kwamba sahihi yake hataitoa mpaka mtu amweleze viatu vile. Komanda akamtazama juu ya miwani. Akampa mpaka saa nane mchana.

Mlangoni, kwenye ngazi, alikuwa amekaa maman Mapendo, mama yake Gentil, na chakula kwenye sahani iliyofunikwa kitambaa. Tangu Jumapili askari walikuwa wamemfukuza mara nne na yeye amerudi mara nne. Hakulia wala hakuomba. Emérence alipompita, yule mama akamwambia kwamba mtoto wake hasemi uongo, na kwamba yeye hapa hatatoka, hata wajenge ukuta juu yake. Emérence akamwambia abaki. Askari wa mlangoni akalisikia hilo na kuangalia pembeni.

Pikipiki ilimfikisha Kasha saa tatu kasoro. Lango la Paradizo lilikuwa limefungwa kwa kufuli, na mlinzi, Gaston, alifungua baada ya kuona kitambulisho. Alikuwa mtu wa makamo, mnene wa shingo, na maneno yake aliyatoa kwa mfuatano, namna mtoto anavyotoa katekisimu. Saa tisa mvua ikaanza. Patron alikuwepo. Patron akasema funga. Tukafunga. Akafungua na daftari la bustani kumwonyesha. Kwenye ukurasa wa Jumapili paliandikwa kwa mwandiko mzuri, wa kulala: *15 h 00, fermeture, mauvais temps,* yaani saa tisa, tumefunga, hali mbaya ya hewa. Kurasa nyingine zote ziliandikwa kwa herufi kubwa, zilizopinda, za mtu asiyezoea kalamu.

"Huu mwandiko ni wa nani?"

"Ya patron. Siku ile aliandika yeye. Juu alikuwa hapa."

"Vizuri. Na mvua yenyewe ilikuwa ya namna gani?"

Gaston akalitazama daftari. Ilionekana wazi kwamba swali hilo halikuwemo kwenye somo lake. "Mvula," akasema mwishowe. "Mvula tu."

Emérence akayaandika maneno yale vilevile, akamfanya atie kidole gumba chini yake. Kisha akazunguka mashine. Viti kumi na viwili vilining'inia kwenye minyororo iliyokula kutu, isipokuwa kimoja. Mnyororo wa kiti cha saba ulimeta kwa upya, na mafuta ya dukani yalikuwa bado juu yake. Alipouliza ulipo ule uliokatika, Gaston alisema patron alikuja jana na fundi, akaubadilisha na kuondoka na kile kipande cha zamani. Hilo nalo likaandikwa. Lakini mnyororo mpya hausemi saa ngapi wa zamani ulikatika. Kila kitu kilirudi palepale, kwenye mvua.

Ng'ambo ya barabara, mbele ya lango kabisa, mama mmoja alikuwa amekunja miguu kando ya turubai la bluu, anageuza sambaza wake juani kwa kiganja. Vile visamaki vilikuwa vimekauka vizuri, vinalia vikiguswa. Huyu alikuwa maman Colette, na alimwona Inspekta akija akamwekea kigoda kabla hajaombwa.

"Mi nilikuwa nangojea muje," akasema. "Jumapili askari balipita hapa, balimuuliza Gaston, mimi hawakuniuliza. Sambaza yangu ilikuwa inje tangu misa ya kwanza. Mvula ikikuya saa tisa, jana ningeuza nini? Matope? Ule mutoto wa watu alianguka jua iko juu. Tulimubeba na hii bâche yangu. Niliimwanga sambaza chini, juu ya udongo mukavu, tukamubeba nayo. Nilirudia, nikaokota sambaza moja moja, njo mvula ikaanza."

Emérence alimkumbusha kwamba Bwana Constantin anaweza kusema yeye ni adui, kwa kuwa kila mtu pale alijua bwana huyo anataka kumwondoa mbele ya lango lake. Maman Colette akacheka kwa pua. Akasema anaweza kumwondoa kesho, ila leo bado yuko, na maneno yake yaandikwe na jina lake lote na la baba yake. Kisha akaonyesha kwa kidevu nyumba ya juu, yenye mabati ya kijani.

"Kama munataka saa kabisa-kabisa, muende kwa papa Aloys. Ule muzee anaandikaka mvula."

Emérence alidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Papa Aloys, mzee mwembamba aliyevaa koti la kazi la bluu lililofifia, alikuwa amefanya kazi Lwiro miaka ishirini na saba, kwenye kituo cha utafiti, kupima mvua. Pensheni ilimkuta na kumrudisha nyumbani Kasha, lakini mkono ulikuwa umeshazoea. Katikati ya ua, mbali na mti na mbali na paa, alikuwa amesimamisha kipimo cha bati juu ya mguu wa mbao, akakizungushia waya kuwazuia kuku. Kila mvua aliandika ilipoanza, ilipoisha, na kiasi chake. Wajukuu walimcheka. Padri alimcheka. Yeye aliendelea kuandika, na hakukosa siku hata moja.

Alinawa mikono kabla ya kugusa daftari. Akalifungua ukurasa wa Jumapili, akamgeuzia Emérence asome mwenyewe. Mstari ulikuwa umechorwa kwa rula, mwanzo wa mvua, mwisho wake na kiasi. *Début 16 h 25. Fin 17 h 50. 31 mm.* Na mwishoni, kwenye safu yenye kichwa *grêle*, mvua ya mawe, paliandikwa zéro.

Emérence aliitazama ile zéro muda mrefu. Akaona mbele ya macho yake mawe yanaruka juu ya lami ya Nyawera, na kioo cha jeep kimepasuka.

"Papa, ile siku mawe hayakunyesha hapa hata moja?"

"Hata moja."

"Basi kwa nini kuandika? Kitu hakikutokea."

Mzee alimwangalia kwa huruma, kama mwalimu aliyezoea wanafunzi wa namna hiyo.

"Maman, ku Lwiro balitufundisha ivi. Kitu chenye hakikufika unakiandika pia. Unaandika zéro. Juu usipoandika, kesho mutu atasema ulisahabu, ao hukuangalia. Mi niliangalia. Mawe haikuwa."

"Na mvua ya Nyawera saa tisa?"

"Ya Nyawera ni ya Nyawera," akasema. "Niliiona kwa macho, imesimama kule ng'ambo, nyeusi. Huku tulikuwa na jua. Bukavu ni milima, maman. Kila mulima iko na mvula yake. Batu ba ville balishasahabuka."

Hapo Emérence aliinuka. Hasira ilimjaa, na sehemu kubwa ya hasira ile ilikuwa juu yake mwenyewe. Ofisi nzima ilikuwa imemhukumu kijana kwa mvua iliyonyesha kwenye vichwa vyao. Na ndiyo maana Bwana Constantin alikuja mwenyewe Jumapili jioni kuomba kesi isibaki Bagira, kwa polisi wa upande wa Kasha, ihamishiwe mjini! Walimshukuru hata kwa adabu yake. Mjini kila aliyesoma neno mvua alijigusa nywele na kuamini. Kule Bagira wangemcheka mlangoni.

Lakini mtu mwerevu angeandika mvua ya saa kumi na nusu, akasogeza tu ile ajali. Kwa nini saa tisa? Emérence alilitafuna swali hilo njia nzima juu ya pikipiki, mpaka chini kwenye mteremko akalipata, na akacheka peke yake ndani ya kofia ngumu. Bwana Constantin hakuijua mvua ya Kasha. Aliijua ile aliyoiona kwenye baraza ya nyumba yake. Njia ya mwongo ni fupi, na ya huyu ilikuwa imeishia Muhumba, nyumbani kwake mjini. Mkononi Emérence alikuwa na daftari la papa Aloys, limefungwa ndani ya mifuko miwili ya plastiki, na mzee alikuwa amemtaka atie sahihi ya kuliazima.

Bwana Constantin aliitwa akafika saa saba na robo, suti ya kijivu, viatu vinang'aa, simu mbili. Alisalimia ofisi nzima kwa mkono. Emérence alimkaribisha vizuri mno, hata Komanda aliyekuwa anapita akafurahi. Alimwambia kesi inakwisha leo, anahitaji tu maelezo yake mwenyewe kwenye PV, ile karatasi ya maelezo ambayo mtu huisoma na kutia sahihi, kwa sababu yeye ndiye shahidi mkubwa aliyekuwepo. Bwana Constantin akakubali kwamba alikuwepo, tangu saa nane. Emérence akaandika. Alifunga mwenyewe? Mwenyewe, kwa megafoni. Emérence akaandika.

"Na ile mvua, Bwana Constantin. Gaston anasema mvua tu. Magistra atataka kujua kama kweli ilikuwa ya kufunga bustani."

"Gaston ni mutu wa kijijini," akasema, akitabasamu. "Madame l'inspecteur, haikuwa mvula tu. Ilikuwa mawe. Saa tisa juste. Mawe ya namna hii." Akaonyesha kwa kidole na gumba, ukubwa wa ndimu ndogo. "Ilipiga mabati mpaka hatukusikilizana. Batoto balilia. Nikasema hapana, vie, maisha ya batu, mbele, tufunge. Hata weye unaikumbuka ile mvula."

"Ninaikumbuka," Emérence akasema. Na ilikuwa kweli kabisa, na aliifurahia.

Akamsomea yote kwa sauti, polepole, pamoja na mawe na mabati na watoto waliolia. Akamuuliza kama kuna neno la kubadilisha. Hakuna. Bwana Constantin akatia sahihi kila ukurasa kwa ule mwandiko wake mzuri wa kulala. Emérence akangoja wino ukauke. Kisha akafungua droo na kupanga mezani vitu viwili, viatu vyeupe na daftari la papa Aloys lililofunguliwa kwenye ukurasa wa Jumapili.

Alimweleza bila kupandisha sauti. Kasha, Jumapili, tone la kwanza lilianguka saa kumi na dakika ishirini na tano. Mawe, sifuri. Mawe yalinyesha mjini peke yake, saa tisa, na wa kuyaona saa tisa ni yule aliyekuwa mjini. Aliyekuwa mjini hakufunga bustani Kasha. Na bustani isiyofungwa ilikuwa wazi, watu ndani, mnyororo umefungwa kwa waya, na mwenyewe alikuwa ameambiwa asubuhi.

Bwana Constantin alivuta daftari, akalisukuma. "Kamuzee kenye kuchezaka na kopo ya mvula. Utaleta ile mbele ya magistra?"

"Nitaleta hilo, na viatu, na sahihi yako. Sasa niambie kitu kimoja. Nani alikupigia simu saa tisa na dakika arobaini na tano, ukiwa barazani kwako?"

Zile simu mbili zilikuwa mezani. Bwana Constantin alizitazama, akaziweka mfukoni moja moja. Akasema anataka kumwona Komanda. Emérence akamwonyesha mlango, akamwambia Komanda ni wa kumwona muda wowote, ila karatasi hii inatoka sasa.

Haikutoka sasa. Alipokuwa anafunga faili, mlango wa dirisha ulijipiga, karatasi zikaruka, na Nyawera yote ikawa nyeusi. Saa nane na nusu mvua ilimwagika. Kila anayeijua Bukavu anajua kinachofuata. Pikipiki zilitoweka. Wamama walifunika mboga na kukimbia. Dereva wa jeep alionyesha kioo chenye plastiki akasema haoni mbele. Maduka yalishusha milango nusu, watu wakajipanga chini ya mabati, wakakunja mikono. Mvua ikinyesha, hapa hakuna anayedaiwa kitu. Mchumba asipokuja utasema mvua. Mwalimu asipofika utasema mvua. Ni sababu ambayo hata Mungu haiulizi mara mbili.

Komanda Placide alikuja na kusimama mlangoni kwake, mikono nyuma. Alikuwa ameisoma PV. Uso wake ulionyesha hivyo. Alikuwa pia ameongea na Bwana Constantin, na hilo nalo lilionekana.

"Kazi nzuri," akasema. "Tutaipeleka kesho. Unaona mvula."

"Kesho Gentil atakuwa ameshalala gerezani, na ile karatasi ya uongo ina sahihi ya magistra."

"Mvula, Emérence. Nani atakulaumu?"

Ndilo lililomchoma. Hakuna ambaye angemlaumu, na alilijua hilo. Tangu Jumapili kila mtu katika kesi hii alikuwa amejificha ndani ya mvua. Mwenye bustani, mlinzi, Komanda, na yeye mwenyewe na nywele zake zilizolowa. Kijana mmoja tu alikataa kuingia humo, naye ndiye aliyefungiwa.

"Mi nitajilaumu," akasema. "Nipe ufunguo ya kasho. Sheria inasema mshukiwa anapelekwa yeye mwenyewe mbele ya magistra. Ninampeleka."

Komanda akatazama mvua dirishani. Kisha akatoa ufunguo, akauweka kwenye ukingo wa meza badala ya mkononi mwake, apate kusema siku moja kwamba hakuutoa. Emérence aliuchukua.

Faili, daftari na viatu aliviweka ndani ya ile mifuko miwili ya papa Aloys, akaifunga na kuitia chini ya koti, juu ya tumbo. Gentil hakumtia pingu. Walipofika kwenye ngazi, maman Mapendo alisimama, akamtazama mtoto wake kutoka juu mpaka chini, akamkabidhi sahani ya chakula aishike yeye. Hakuuliza wanaenda wapi. Akavua kitenge cha mabegani, akajifunga kiunoni, akaingia kwenye mvua wa kwanza.

Walipanda barabara katikati, kwa kuwa pembeni maji yalikuwa yanashuka na kokoto. Chini ya mabati, pande zote mbili, Nyawera yote iliwatazama. Mtu mmoja akaita kuwauliza kama wana wazimu. Maman Mapendo akamjibu kwamba ndiyo, na kama anataka awafuate. Wengine wakacheka. Gentil alikuwa ameikumbatia ile sahani kifuani, maji yanamtiririka machoni, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili alikuwa anatembea kichwa juu.

Emérence alihesabu hatua na dakika. Koti lilishindwa mapema, viatu vyake vya kazi vikajaa, lakini plastiki juu ya tumbo lake ilibaki kavu, na aliigusa kila kona kuhakikisha. Hakuwa na hofu tena. Alikuwa na hasira nzuri, ile inayompa mtu miguu.

Kwa magistra, karani wa mapokezi alikuwa ameshavaa koti la mvua, ufunguo mkononi, anavuta mlango. Aliwaona watu watatu wanachuruzika kwenye baraza na akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli.

"Muturudilie kesho, maman. Tumefunga mapema. Juu ya mvula."

Emérence aliweka mguu kwenye mlango. Juu ya kichwa cha karani saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na dakika tano, na ndani, kwenye chumba cha pili, taa ya magistra ilikuwa inawaka na mtu alikuwa anakohoa. Alifungua koti, akatoa mifuko, akafungua fundo la kwanza na la pili. Akaweka juu ya meza ya mapokezi viatu viwili vyeupe, vikavu, na faili kavu juu yake.

"Fungua daftari yako ya mapokezi," akasema. "Andika saa yenye tumefika. Halafu andika na mvula, juu leo, hapa, inanyesha kweli."

Karani alimwangalia yeye, akamwangalia kijana mwenye sahani, akaangalia yale maji yanayoenea sakafuni kutoka kwa maman Mapendo, ambaye alikuwa ameshakaa kwenye benchi na kuonyesha wazi kwamba hatatoka. Akavua koti lake la mvua. Akaketi, akatafuta kalamu, akaandika saa.